Makombora milioni moja: ahadi ya Ulaya iliyotangulia oda

Jumatatu tarehe 20 Machi 2023, mawaziri wa mambo ya nje na wa ulinzi wa nchi 27 za Umoja wa Ulaya walikaa Brussels wakakubaliana jambo ambalo umoja huo haukuwahi kulifanya tangu uzaliwe. Waliahidi kuipatia nchi iliyo vitani makombora milioni moja ya mizinga ndani ya miezi 12. Mwaka ulipotimia, yaliyofika Ukraine yalikuwa takriban nusu.

Wengi wamekisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba Ulaya ni maneno matupu. Nimekipitia hatua kwa hatua na sikubaliani nao. Nia ilikuwepo, na fedha zilikuwepo ingawa hazikutosha. Ahadi ilipotelea katikati, kati ya tangazo la mawaziri na oda, ile karatasi ambayo meneja wa kiwanda huisubiri kabla ya kuagiza chuma, kuajiri watu na kuongeza zamu ya usiku. Katikati hapo ndipo ninapotaka tupaangalie kwa makini, kwa sababu watu walikufa wakati karatasi hiyo ikisubiriwa.

Njaa ya mizinga

Februari 2022 Ukraine iliingia vitani na mizinga ya enzi ya Kisovieti, ya milimita 152 na 122. Makombora yake yalipoanza kwisha, washirika wa magharibi walipeleka mizinga yao ya milimita 155, kipimo cha NATO: M777 kutoka Marekani, Caesar kutoka Ufaransa, PzH 2000 kutoka Ujerumani na Uholanzi, Krab kutoka Poland. Ilikuwa mizinga bora kuliko ile ya zamani, lakini kila mmoja ulikuja na njaa yake, na hakuna aliyekuwa amepanga utalishwa na nani ukifika mwaka wa pili.

Mwanzoni mwa Machi 2023, waziri wa ulinzi wa Ukraine wa wakati huo, Oleksii Reznikov, aliwaandikia wenzake wa Ulaya. Alisema jeshi lake linafyatua wastani wa makombora 110,000 kwa mwezi, na akaomba 250,000 kwa mwezi. Sasa linganisha na upande wa pili wa mizani. Estonia ilikuwa imekadiria kwamba viwanda vyote vya Ulaya vinatoa kati ya 20,000 na 25,000 kwa mwezi. Alichoomba Reznikov kwa mwezi mmoja kilikaribia kazi ya mwaka mzima ya bara zima.

Hali hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Baada ya Vita Baridi kwisha, majeshi ya Ulaya yalijipanga kwa safari za mbali na vita vifupi, kama Balkani, Afghanistan na Mali, ambako bunduki, helikopta na ndege vilihitajika kuliko mizinga mizito. Kombora la mzinga linakaa ghalani miaka mingi bila kumpatia mwanasiasa kura hata moja. Serikali ziliponunua, zilinunua machache, na viwanda vikabaki na mitambo inayotosha oda hizo ndogo. Ghala la Ulaya lilikuwa na mlango mkubwa na rafu tupu.

Hesabu ambayo haikukaa sawa

Wazo la makombora milioni moja lilitoka Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3 na mpaka na Urusi. Februari 2023 serikali ya waziri mkuu Kaja Kallas ilisambaza waraka wenye hesabu nyepesi kueleweka: makombora milioni moja ya milimita 155 kwa yuro bilioni 4, yaani yuro 4,000 kwa kombora, yakinunuliwa kwa pamoja na upesi. Kallas alichukua mfano wa chanjo za UVIKO-19, ambazo Ulaya ilizinunua kwa mkupuo mmoja badala ya kila nchi kugombania peke yake.

Mawaziri walichukua idadi ile wakaacha gharama yake. Mpango waliopitisha ulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilitenga yuro bilioni 1 za kuwafidia wanachama watakaotoa makombora ghalani mwao. Ya pili ilitenga bilioni 1 nyingine kwa manunuzi ya pamoja. Ya tatu ilikuwa sheria ya kuvisaidia viwanda kupanua uwezo, iliyopitishwa Julai mwaka huo ikiwa na yuro milioni 500.

Tupige hesabu. Yuro bilioni 1 kwa bei ya Estonia hununua makombora 250,000. Kweli, fedha zile zilikuwa za kufidia sehemu tu ya gharama na nchi zilitarajiwa kuongeza zake, kwa hiyo zingeweza kuvuta zaidi ya hapo. Lakini bei nayo haikusubiri. Oktoba 2023 Admirali Rob Bauer, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kijeshi ya NATO, alisema kombora moja lililouzwa yuro 2,000 kabla ya vita sasa linauzwa 8,000. Kwa bei hiyo, bilioni ile ile inanunua 125,000. Nchi 27 zilipojitokeza sokoni kwa wakati mmoja na viwanda vikiwa vile vile, lililopanda kwanza lilikuwa bei.

Kuna jambo la kisheria linaloeleza kwa nini mpango ulikuwa na umbo hilo la kuzunguka. Mkataba wa Umoja wa Ulaya, kwenye kifungu cha 41, unakataza bajeti ya pamoja kubeba gharama za operesheni za kijeshi. Kwa hiyo fedha za silaha zilipitia Mfuko wa Amani wa Ulaya, ulioundwa Machi 2021 nje ya bajeti, ambao nchi huchangia kila moja kwa ukubwa wa uchumi wake. Mfuko huo haukubuniwa kuwa mnunuzi. Ulibuniwa kurudisha fedha kwa aliyekwisha kutoa. Nchi yenye ghala tupu haina cha kutoa, kwa hiyo haina cha kurudishiwa.

Ndiyo maana njia ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko zote. Ilihesabu vilivyotolewa kati ya tarehe 9 Februari na 31 Mei 2023, na ilivuta makombora yapatayo 300,000. Hayo yalikuwa akiba ya miaka mingi. Ukishaichota, haichoteki mara ya pili. Bauer alisema mwaka huo kwamba chini ya pipa sasa panaonekana.

Wiki saba za mabishano

Njia ya pili ilitakiwa ianze mara moja. Badala yake, mabalozi wa nchi wanachama mjini Brussels walitumia wiki karibu saba wakibishana: kombora linalonunuliwa kwa fedha ya Ulaya ni lazima liwe limetengenezwa Ulaya?

Ufaransa ilishikilia kwamba fedha zibaki kwa viwanda vya Umoja wa Ulaya na Norway. Ugiriki na Cyprus hazikutaka hata senti iangukie Uturuki, ambayo askari wake wamekaa kaskazini mwa kisiwa cha Cyprus tangu 1974. Poland na nchi za Baltiki zilitaka kununua popote, ilimradi kombora lifike. Hata baada ya kukubaliana kwamba muuzaji awe wa Ulaya, mabishano yalirudi upya: je, ganda likitoka nje na kujazwa baruti Ulaya, ni la Ulaya?

Tarehe 20 Aprili waziri wa mambo ya nje wa Ukraine, Dmytro Kuleba, alivunja adabu ya kidiplomasia. Aliandika hadharani kwamba Umoja wa Ulaya kushindwa kutekeleza uamuzi wake wenyewe kunakatisha tamaa, na kwamba kwa Ukraine gharama ya kutofanya kitu inapimwa kwa maisha ya watu. Uamuzi ulipitishwa rasmi tarehe 5 Mei.

Nataka niitendee haki Ufaransa, kwa sababu hoja yake imedharauliwa kupita kiasi. Paris ilikuwa ikisema kwamba bara linalonunua ulinzi wake dukani kwa wengine litaamka siku moja likute duka limefungwa, na mambo yaliyofuata yameonyesha kuwa hofu hiyo haikuwa ya bure. Kosa lilikuwa kuchanganya saa mbili. Kujenga kiwanda ni kazi ya miaka miwili au mitatu. Askari aliye kwenye handaki karibu na Bakhmut, mji wa mashariki mwa Ukraine, anahesabu kwa siku. Mpango mmoja ulipewa kazi ya kujibu saa zote mbili, kwa mfuko mmoja wa fedha, na saa fupi ndiyo iliyopoteza.

Kisha kukaja kimya cha oda. Shirika la Ulinzi la Ulaya liliratibu manunuzi ya pamoja na kusaini mikataba minane na viwanda Septemba 2023. Lakini ile ilikuwa mikataba inayoweka bei na masharti tu. Kila nchi ilibaki huru kuagiza au kutoagiza. Viwanda vikasema havina oda za kutosha kuhalalisha mitambo mipya. Kamishna wa viwanda wa Umoja wa Ulaya, Thierry Breton, aliyekuwa ametembelea kiwanda baada ya kiwanda, akasema uwezo upo, ni juu ya serikali kuagiza. Serikali zikasema viwanda vichelewe kidogo kuwahudumia wateja wengine. Mkuu wa sera za kigeni wa umoja huo, Josep Borrell, alieleza Novemba kwamba karibu asilimia 40 ya makombora yanayotengenezwa Ulaya yanauzwa nchi nyingine, na akashauri yaelekezwe Ukraine. Viwanda vilikuwa na mikataba na wanunuzi hao, na serikali nyingi hazikuwa na sheria ya kuwaruka foleni.

Tarehe 14 Novemba 2023 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Boris Pistorius, alisema waziwazi kile ambacho wengi walikuwa wakikisema pembeni: milioni haitafikiwa. Januari 2024 Borrell alitoa hesabu. Makombora 330,000 yalikuwa yameshafika, na kufikia Machi yangekuwa 524,000.

Pamba, umeme na TNT

Nimesema oda ndiyo tatizo, lakini sitaki msomaji adhani kwamba karatasi ikisainiwa asubuhi, kombora linatoka jioni. Kombora la milimita 155 lina uzito wa kilo 45 hivi. Ganda lake huanza kama kipande cha chuma kinachopashwa moto hadi kiwe chekundu, kikandwe kwa mashine hadi kiwe na umbo la chupa, kichongwe, kisha kimiminiwe kilipuzi, kwa aina ya kawaida ya Marekani kilo 10 hivi za TNT. Halafu kuna fyuzi ya kukilipua, na baruti ya kukisukuma kutoka kwenye mzinga. Ganda ndiyo sehemu rahisi. Ulaya ilikwama kwenye kilipuzi na baruti.

Baruti hiyo hutengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi hupatikana kutokana na pamba. Aliyewahi kufika kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Shinyanga au Simiyu ameziona mbegu zinazotoka upande wa pili zikiwa bado zimevaa manyoya mafupi meupe, yasiyofaa kusokotwa uzi. Manyoya hayo ndiyo malighafi inayotakiwa. Ulaya ilikuwa ikiyanunua kwa wingi kutoka China. Machi 2024 Breton alisema mizigo hiyo ilikuwa imesimama kufika miezi michache kabla. Bara linalojadili uhuru wake wa kimkakati liligundua kwamba uhuru huo umefungwa na uzi wa pamba ya mtu mwingine.

Umeme nao. Nammo, kampuni ya Norway inayotengeneza makombora Raufoss, ilitaka kupanua kiwanda mwaka 2023 ikaambiwa nguvu za ziada hazipo, kwa kuwa zilikuwa zimetengwa kwa kituo cha data cha TikTok katika eneo hilo. Mkurugenzi wake alilisema hilo kwa gazeti la Financial Times, na kwangu mimi hakuna kielelezo kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi Ulaya ilivyokuwa ikiishi kwa amani hata vitani: foleni ya umeme ilikuwa haijui tofauti ya kombora na video.

TNT ndiyo inayonivutia zaidi, maana hapo Ulaya na Marekani zinakutana kwa njia ambayo hotuba za viongozi huwa hazigusi. Mtengenezaji mkubwa wa TNT katika Umoja wa Ulaya ni mmoja tu, Nitro-Chem ya Bydgoszcz, Poland, na sehemu kubwa ya inachotoa inavuka Atlantiki. Marekani iliacha kutengeneza TNT yake miaka ya 1980. Kwa hiyo wakati Brussels inaitegemea Washington kwa makombora, Washington ilikuwa ikiitegemea Bydgoszcz kwa kilicho ndani ya makombora hayo. Kiwanda kile kile kilitakiwa kulisha pande zote mbili za bahari, kila upande ukihesabu kana kwamba uko peke yake. Mpango wa Ulaya wa viwanda ulipogawa zile yuro milioni 500 Machi 2024, karibu robo tatu zilikwenda kwenye baruti na vilipuzi. Hapo naona Tume ya Ulaya ilipatia kabisa. Iliweka fedha pale penye koo jembamba.

Mshirika wa ng'ambo

Mpango wa milioni moja ulikuwa na nguzo ambayo haikuandikwa popote: kwamba Marekani ingeendelea kubeba sehemu kubwa ya mzigo wakati Ulaya inajipanga. Lakini Marekani yenyewe ilikuwa na ghala lililokwisha kuguswa. Kabla ya vita ilitengeneza makombora 14,000 hivi kwa mwezi. Maganda hutengenezwa Scranton, Pennsylvania, ndani ya majengo yaliyokuwa karakana ya reli, na hujazwa kilipuzi Iowa. Julai 2023 Rais Joe Biden alipoidhinisha makombora ya vishada, yanayotawanya mabomu madogo mengi, alieleza sababu bila kuzunguka: Ukraine inaishiwa makombora, na Marekani nayo yamepungua. Ujerumani, Ufaransa na Uingereza zimesaini mkataba wa kupiga marufuku silaha hizo. Zilijikuta bila sauti kubwa mbele ya uamuzi uliotokana na uhaba ambao nazo zilichangia kuuleta. Na mwishoni mwa 2023 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba Korea Kusini, kupitia mkataba wake na Marekani, ilikuwa imewezesha makombora mengi kuliko Ulaya yote kwa pamoja.

Kisha nguzo ikatikisika. Msaada mpya kwa Ukraine ulikwama kwenye Bunge la Marekani kuanzia vuli ya 2023, ukishikwa na ugomvi wa vyama kuhusu mpaka wa Mexico. Kifurushi cha mwisho cha mwaka kilitangazwa tarehe 27 Desemba. Baada ya hapo, isipokuwa kifurushi kimoja kidogo cha Machi, hakikuja kitu mpaka sheria ya dola bilioni 61 iliposainiwa tarehe 24 Aprili 2024. Ni miezi karibu minne, na ndiyo miezi ile ile ambayo ahadi ya Ulaya ilitakiwa kukamilika.

Avdiivka ilianguka katikati ya miezi hiyo. Mji huo ulio jirani na Donetsk ulikuwa mstari wa mbele tangu 2014. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 2024 jenerali Oleksandr Syrskyi alitangaza kuwaondoa askari wake. Uhaba wa makombora haukuwa sababu pekee, kwani Urusi ilikuwa ikiangusha mabomu mazito ya kuteleza kutoka angani na Ukraine ilikuwa na upungufu wa watu. Lakini Ikulu ya Marekani yenyewe ilisema siku hizo kwamba walinzi wa Avdiivka wanaishiwa makombora, na Biden alililaumu Bunge. Yalikuwa kweli, na Ulaya ilijificha nyuma ya lawama hizo kwa raha kupita kiasi. Makombora nusu milioni yaliyokosekana yalikuwa ya kwake.

Siku ile ile, Munich

Jumamosi hiyo hiyo ya Februari 17, kwenye Mkutano wa Usalama wa Munich, Rais wa Jamhuri ya Czech Petr Pavel alisimama akasema wamepata makombora 800,000 duniani: nusu milioni ya milimita 155 na 300,000 ya milimita 122. Kilichobaki ni fedha. Zikipatikana, yangeweza kufika Ukraine ndani ya wiki.

Pavel ni jenerali mstaafu, na kati ya 2015 na 2018 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kijeshi ya NATO, kiti alichokikalia Bauer baadaye. Alijua maghala ya nani yana nini. Nchi yake ina biashara ya zamani ya silaha na mawakala wenye marafiki kwenye mabara ambayo wanadiplomasia wa Brussels hawagusi. Wakati wengine wanabishana kuhusu asili ya ganda, maofisa wa Prague walikuwa kwenye simu wakiuliza nani ana akiba, kwa bei gani, na je, anataka jina lake lifichwe. Wauzaji wengi walitaka, kwa kuiogopa Moscow, na majina yao hayajatangazwa.

Mpango wa Czech ulitofautiana na wa Brussels kwa jambo moja kubwa. Ulianza na bidhaa, ukatafuta fedha. Nchi inayochangia iliambiwa: fedha zako zitanunua shehena hii. Tarehe 26 Februari viongozi walikutana Paris kwa mwaliko wa Rais Emmanuel Macron. Mark Rutte, aliyekuwa bado waziri mkuu wa Uholanzi, aliahidi yuro milioni 100, na Macron akalegeza kamba: makombora yanaweza kununuliwa nje ya Ulaya. Ujerumani iliahidi kugharamia 180,000. Kanada, mshirika wa NATO asiye wa Ulaya, nayo iliingia. Hilo lingekuwa gumu kwenye mfuko wa Umoja wa Ulaya, lakini hapa hakuna aliyehitaji kura ya wanachama 27.

Nisiufanye kuwa muujiza. Zile "wiki" za Pavel ziligeuka miezi, na shehena ya kwanza ilifika Juni 2024. Baadhi ya makombora yalihitaji kukarabatiwa. Usiri uliolinda wauzaji uliwapa wapinzani nafasi ya kuuliza nani anapata faida ya kiasi gani, na mwanasiasa wa upinzani Andrej Babiš alilifanya swali hilo kuwa silaha ya kampeni kabla ya kushinda uchaguzi wa Oktoba 2025. Hilo ni swali halali. Fedha ya umma inayopita gizani lazima iulizwe, hata ikiwa inakwenda kwenye jambo jema. Ila hesabu ya mwisho wa 2024 nayo inasema: serikali ya Czech ilitangaza makombora mazito milioni 1.5 kufika Ukraine, 500,000 kati yake ya milimita 155.

Umoja wa Ulaya wenyewe ulikaribia milioni yake Novemba 2024. Borrell alikwenda Kyiv akasema 980,000 yameshafika. Ilikuwa miezi minane baada ya tarehe iliyoahidiwa.

Kilichobadilika na kisichobadilika

NATO imetajwa hapa kwa kugusagusa tu, na kuna sababu. Muungano huo ulikuwa na kipimo cha pamoja, milimita 155, lakini kipimo hicho hakimaanishi kwamba kila kombora linaingia kila mzinga kwa usalama. Kila mtengenezaji anaidhinisha makombora na baruti kwa mizinga yake, na jedwali la kulenga hubadilika. Wapiga mizinga wa Ukraine walilijua hili kabla ya wanakamati, kwa kuwa walikuwa na kila aina mikononi. Shirika la manunuzi la NATO lilisaini mkataba wa yuro bilioni 1.1 kwa makombora yapatayo 220,000 Januari 2024, ya kutolewa kwa miaka miwili hadi mitatu. Ni karibu yuro 5,000 kwa kombora. Mkataba mzuri, kwa vita vya kesho kutwa.

Viwanda sasa vimeanza kuitika. Rheinmetall, kampuni ya silaha ya Ujerumani, iliweka jiwe la msingi Unterlüß, Saxony ya Chini, tarehe 12 Februari 2024, siku tano kabla ya Avdiivka kuangukia mikononi mwa Urusi. Kiwanda kilifunguliwa Agosti 2025 mbele ya Rutte, ambaye sasa ni katibu mkuu wa NATO, na kinalenga makombora 350,000 kwa mwaka kufikia 2027. Kilisimama upesi hivyo kwa sababu serikali ya Ujerumani ilikuwa imesaini oda ndefu. Bergerac, kusini magharibi mwa Ufaransa, utengenezaji wa baruti umerejeshwa baada ya kuachwa miaka mingi. Na Mesquite, Texas, Marekani imefungua kiwanda kipya cha maganda chenye mitambo ya kampuni ya Uturuki, ile ile nchi ambayo fedha za Ulaya zilikatazwa kuigusa. Lengo la Marekani la kufikia makombora 100,000 kwa mwezi mwishoni mwa 2025 nalo limeteleza. Ugonjwa haukuwa wa Ulaya pekee.

Mabishano ya asili ya bidhaa hayakwisha. Yalirudi Mei 2025 kwenye mfuko mpya wa mikopo wa yuro bilioni 150, ambao unataka asilimia 65 ya thamani ya kinachonunuliwa itoke Ulaya au kwa washirika wa karibu. Safari hii naiunga mkono Paris bila kusita, maana mfuko huo ni wa saa ndefu.

Kallas, ambaye serikali yake iliandika hesabu ya kwanza kule Estonia, amekaa kwenye kiti cha Borrell tangu Desemba 2024. Machi 2025 alipendekeza mpango mkubwa wa hadi yuro bilioni 40 kwa Ukraine, kila nchi ichangie kwa ukubwa wa uchumi wake. Ufaransa, Italia na Uhispania zilisita, na kilichobaki mezani kilikuwa kipande kimoja: yuro bilioni 5 kwa makombora milioni 2. Julai 1 mwaka huo Marekani ilisimamisha kwa muda baadhi ya silaha zilizokuwa njiani kwenda Ukraine, makombora ya milimita 155 yakiwemo, ikisema inakagua akiba yake. Mwishoni mwa Agosti, Kallas aliwaambia waandishi Copenhagen kwamba asilimia 80 ya milioni 2 zile imeshapatikana.  Lakini mgao wa kila nchi kwa ukubwa wa uchumi wake haukupita; kila nchi ilichangia kwa hiari yake.